Mhariri, hawa wa sosholojia mnawawekaga wapi?

Kwako Mhariri,

Salamu nyingi kutoka huku Maseno, natumai wewe na wenzako mko salama. Naandika kuhusu ule ukurasa mnaowekaga kila msimu wa mahafali, ule wa wanafunzi waliong'ara. Kila mwaka sura ni zile zile. Kijana wa uhandisi ameshika kitu kimejaa waya, msichana wa udaktari ana kile chombo cha kusikiliza moyo shingoni, mwingine wa kompyuta ametengeneza app ya kuunganisha mama mboga na wateja (mama mboga wa hapa kwetu nimewauliza, hakuna anayeijua), halafu huko chini kabisa mstari mmoja tu ati pia walihitimu wanafunzi wa sanaa na sayansi za jamii. Basi, imeisha hivyo. Hakuna jina, hakuna picha, ni kama watu waliokuja kusindikiza harusi.

Sina ugomvi na mainjinia wala madaktari, barabara tunataka na hospitali tunataka. Ninachouliza ni kwani hawa wa sosholojia, wanaosoma vile watu wanaishi pamoja, hawajafanya kitu? Juu mimi naona wamefanya, tena mengi, na nyinyi watu wa magazeti ndio mmekosa kutuambia.

Niseme mapema kwamba mimi si msomi wa chuo, ndio usije ukaniuliza cheti. Niko na saiba ndogo hapa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia na riziki yangu ni kuchapa, kuprinti, kutoa kopi na kubaindi. Chuo Kikuu cha Maseno kiko hapa hapa, na pale sosholojia na anthropolojia (ile ya mila na tamaduni za watu) ziko idara moja, na hao Mhariri ni wateja wazuri sana kwa sababu wanaandika! Mwanafunzi wa hesabu anakuletea kurasa kidogo zimejaa alama, wa sosholojia anakuletea kitabu kizima. Sasa printa ikienda polepole na wewe umesimama hapo unafanya nini? Unasoma. Mimi nimesoma projekti za watoto wa watu mpaka mke wangu ananiita lekchara.

Na zile mada si za kuchezea. Kuna za waendesha boda wa Luanda na vile wanachangishana mmoja wao akipata ajali, kuna za chama za akina mama wa soko la Kibuye, nani anaaminiwa kushika pesa na anaaminiwa kwa nini, kuna za wasichana wanaorudi shule wakishajifungua na wenzao wanawaangalia vipi. Za mazishi hazikosi, sisi watu wa huku na mazishi unatujua, ila siku hizi wanaandika vile kamati ya mazishi imehamia WhatsApp, jina lako liko pale kwa listi na mchango wako pembeni kila mtu anaona, na ukituma mia mbili unajificha kwenye grupu wiki mzima. Nilisoma hiyo nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka maana listi kama hiyo nilikuwa nayo kwa simu.

Halafu kuna za jaboya. Mtu wa bara huenda hajui, ni ule mpango wa huko ufuoni ambapo mama anayetaka samaki wa kuuza lazima awe na uhusiano na mvuvi ndio apewe, pesa peke yake haitoshi. Kuna binti mmoja alikuwa anafanya projekti kuhusu hao akina mama. Anakuja anaprinti karatasi zake za maswali, anaenda, akirudi anafuta zote anaandika upya. Nikamuuliza kwani supavaiza amekataa? Akasema hapana, ni wale mama ndio wamekataa. Karatasi ilikuwa inaanza na umri wako, umeolewa, una watoto wangapi, na mama akiona mambo yameanza hivyo anajua hii ni serikali ama ni watu wa shirika, anafunga mdomo. Basi akageuza, akaanza na bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, wiki hiyo, na mvua imeharibu ngapi kabla zikauke, na hapo wakafunguka mpaka wakamwambia yale hakuuliza. Yale ya umri na ndoa akayaweka mwisho kabisa wakati tayari wamezoeana. Hiyo kwangu ni ujuzi, na sidhani kuna app inaweza kuifanya. Sasa binti kama huyo akihitimu nyinyi mnampa mstari mmoja pamoja na watu wengine mia.

Hao ni wanafunzi. Walimu wao nao wana kazi ambayo kila mtu wa Nyanza angefaa kuijua. Profesa Erick Nyambedha wa hapa Maseno, pamoja na Profesa Simiyu Wandibba wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzao mmoja wa Denmark, walichapisha mwaka 2003 utafiti walioufanya Nyang'oma huko Bondo kuhusu mayatima, wakati ule ukimwi ulikuwa unatumaliza na kila Jumamosi kuna jeneza. Waligundua katika kila watoto watatu wa chini ya miaka 18, mmoja alikuwa amepoteza mzazi angalau mmoja, na katika kila tisa, mmoja alikuwa amepoteza wote wawili. Soma tena hiyo polepole. Na kuna kitu cha tatu ambacho kwangu ndio kizito zaidi: asilimia 28 ya hao mayatima walikuwa wanalelewa na watu ambao kwa desturi ya Kijaluo hawakuwa wa kuwalea, yaani watu wa upande wa mama ama hata watu baki kabisa.

Unajua kwa nini nasema ndio kizito? Juu wakati huo kila mkubwa akisimama kwa mkutano alikuwa anasema Mwafrika hana yatima, ukoo utawachukua, baba mdogo yuko, baba mkubwa yuko. Maneno matamu. Hawa watu wakaenda boma kwa boma wakauliza nani anampikia huyu mtoto, nani analipa karo, nani anampeleka dispensari akiugua, wakakuta ukoo wenyewe umechoka na wanaobeba ni manyanya waliotarajia saa hizo wawe wanapumzika wakiletewa chai. Sisemi pesa za Inua Jamii, zile serikali inawapa wazee, zilitoka kwa ripoti moja ya Bondo, hapana, mambo ya serikali hayaendi hivyo. Lakini leo nyanya akipanga foleni kuchukua zile elfu mbili za mwezi, ujue kuna watu walihesabu shida yake ikaandikwa kabla ikuwe na jina ofisini.

Wacha nikupe nyingine, hii inajulikana dunia nzima lakini inahesabiwaga kama ya madaktari peke yao. Kuanzia 2002 hadi 2006 hapa Kisumu kulifanywa jaribio la tohara, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, kuona kama mwanaume akitahiriwa hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi inapungua. Ikaonekana inapungua kwa zaidi ya nusu, matokeo yakachapishwa 2007, na 2008 serikali ikaanza mpango wenyewe huku kwetu. Sasa fikiria. Hawa ni Wajaluo. Sisi jadi yetu ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, mambo ya kisu haikuwa yetu, na kwa siasa za Kenya hiyo kitu imetumiwa kututukana miaka yote. Ni nani angethubutu kuja Kisumu na kisu aseme ni dawa?

Ndio maana kabla ya jaribio lenyewe kulikuwa na watu wanazunguka Nyanza kuuliza tu. Mwanaume, ungekubali? Mama, ungependa mwanao afanyiwe? Unaogopa nini, uchungu, gharama, ama watu watasema umeacha mila? Mkuu wa utafiti huo, Robert Bailey kutoka Chicago, alisomea anthropolojia kabla ya kuingia kwa mambo ya magonjwa, na hiyo ilionekana. Na hata baada ya matokeo ilibidi wazee wa baraza la Wajaluo waketi waelezwe, wanasiasa waelezwe, wake za watu waelezwe, na ikasemwa wazi hii ni afya si kubadilisha kabila la mtu. Kupasua kunachukua nusu saa. Kukubaliwa kulichukua miaka, na ile ya miaka ndio kazi ya sosholojia, lakini kwenye picha za gazeti ni daktari na glavu peke yake.

Sasa kuna wasomaji watasema sawa, lakini hao watu wanafika wapi? Kenya hii mtu bila cheo hajafika. Haya, vyeo viko. Philip Mbithi alikuwa mwanasosholojia, aliandika sana kuhusu harambee wakati harambee bado ilikuwa ya kujenga shule si ya kuonyeshana bahasha, akawa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi halafu mkuu wa utumishi wa umma. Judith Bahemuka ametuwakilisha Umoja wa Mataifa. Collette Suda alikuwa katibu kwa wizara ya elimu akisimamia vyuo vikuu. Na Katama Mkangi jamani, mtu wa Pwani, huyo wasomaji wako wa Kiswahili wanamjua kwa riwaya zake, lakini wangapi wanajua alikuwa mwalimu wa sosholojia? Aliwekwa kizuizini mwaka 1986 kwa sababu ya msimamo wake, akatoka, akagombea urais 1997, akafariki 2004 kwa ajali ya barabarani. Mimi naona zile riwaya ni sosholojia imevaa kanzu, lakini hayo ni maoni yangu.

Ukitoka nje ya nchi ndio usiseme. Martin Luther King digrii yake ya kwanza, ya 1948, ilikuwa sosholojia. Brazil ilitawaliwa na mwanasosholojia, Cardoso, kuanzia 1995 mpaka mwisho wa 2002. Ghana nayo waziri mkuu wao wa 1969 alikuwa profesa wa sosholojia, na jina lake, usicheke, alikuwa anaitwa Busia, na hapana hakutoka hapa mpakani. Na mke wetu wa K'Ogelo, kijiji cha baba yake Obama huko Siaya, Michelle Obama, alisoma sosholojia pale Princeton akamaliza 1985. Mama mkwe wake alikuwa mwanaanthropolojia. Kwa hiyo lile boma la Siaya ambalo kila mtu anapiga nalo picha limezungukwa na watu wa masomo haya ambayo mzee wa kijiji anaambia mtoto wake ati hayana soko.

Lakini kusema ukweli vyeo hivyo havinifurahishi sana. Wa kwanza kunijia akilini ni wale wamemaliza na huwaoni. Nenda pale hospitali kubwa ya Kisumu, ile sisi wote tunaita Russia, uone mgonjwa ameletwa hana kitambulisho hana ndugu hana pesa, nani anatafuta watu wake? Ni ofisa wa jamii. Nenda ofisi ya watoto, nenda kwa mambo ya probesheni, uulize walisoma nini. Sensa ya 2019 ile ya usiku wa Agosti 24, iliyotuambia Kenya tuko milioni 47.6 na Kaunti ya Kisumu peke yake watu 1,155,574, makarani wengi walikuwa vijana hawa hawa wa vyuo, wanatembea usiku na tochi wakibwekewa na mbwa. Na mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa na mimi kwa nini Egerton pale Njoro kuna idara inafundisha amani na usalama pamoja na masomo ya jamii, mtu aliyeona zile ghasia za baada ya uchaguzi Januari 2008 pale Nakuru ama hapa Kisumu anajua.

Hapa nitateta kidogo. Kuna mashirika, siyataji, yanawachukua hawa watoto kama vibarua wa kukusanya data. Analipwa kwa siku, nauli yake, bando lake, jua lake, simu ikiibiwa Nyalenda, ule mtaa wa Kisumu, ni shauri yake, halafu ripoti ikitoka ina majina ya watu ambao hawajawahi kuingia Nyalenda. Kijana aliyeongea na watu wote hao hayuko hata pale mwisho kwa shukrani. Hiyo nayo mngeifuatilia.

Na kitu kingine cha juzi juzi kinachonifanya niamini hii kosi tunaihitaji kuliko tunavyofikiri. Ule mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi ulioanza 2023, wa kuwapanga kwa makundi kulingana na uwezo wa nyumbani. Mimi nimewajazia watoto hizo fomu hapa saiba, nazijua. Inataka mzazi, mapato ya mzazi, familia ni wangapi. Sasa anakuja mtoto analelewa na nyanya, baba hayuko, mama ameolewa kwingine Migori, karo ya sekondari ililipwa na mjomba na kanisa na chama cha nyanya. Aandike mapato ya nani? Akiandika ya mjomba anaonekana tajiri, akiandika ya nyanya wanamuuliza ulisomaje hiyo shule. Mfumo ukawapanga watoto, kelele ikajaa nchi nzima, mtoto wa kibarua yuko kundi la wenye nacho, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hiyo kitu inakiuka katiba, serikali ikakata rufaa. Mhariri, swali la nani analea nani huku kwetu lilikuwa limeshajibiwa! Bondo, 2003, nimekuelezea hapo juu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye shelfu miaka ishirini wakati watu wa Nairobi wanatengeneza fomu.

Sitaki uone nawapaka mafuta tu. Kuna projekti naprinti nikiona aibu, mtu amekopi ya mwaka jana akabadilisha Siaya akaweka Vihiga na akasahau ramani, wavuvi wakabaki Vihiga na hakuna ziwa. Siku hizi mashine inawaandikia, unaona maneno yamenyooka sana lakini hakuna mtu mle ndani, hakuna jina la soko wala bei ya kitu. Kuna wanaonisihi mimi ndio niwaandikie na wanataja bei kabisa. Hao sitetei.

Na walimu nao wana kosa lao. Yale mazuri yote wanayaandika kwa Kiingereza kigumu, yanaenda kwa majarida ya ng'ambo ambayo hata mimi mwenye intaneti siku nzima nikibonyeza naambiwa nilipe dola. Yule nyanya wa Bondo aliyejibu maswali, yule mama wa omena, yule kijana wa boda, hawajawahi kurudishiwa. Walitoa habari zao bure, wakaacha kazi zao wakakaa kwa stuli wakajibu, na kitu kilichotoka hawawezi kukisoma, wengine hawajui hata kama kilitoka.

Hapo ndipo nakuomba Mhariri. Wewe una gazeti la Kiswahili, linafika Luanda, linafika Usenge, linasomwa kinyozi na kwa hoteli. Tenga nafasi, hata nusu ukurasa kwa wiki, mwanafunzi mmoja ama mwalimu mmoja aeleze kwa lugha ya kawaida alienda wapi, aliuliza nini, alikuta nini kilichomshangaza. Usimpe nafasi ya kujisifu ama kutaja supavaiza na kumshukuru Mungu, kwa mahafali atapata hiyo. Aanze na chenye alikuta. Na wale waliohojiwa wakisoma wakiona wamedanganyiwa watakuandikia barua, na hiyo barua uichape pia. Vyuo viko vya kutosha huku, Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Egerton, Moi huko Eldoret, hamtakosa.

Mahafali yajayo pia, mkituma mpigapicha, mwambieni akishamaliza na yule wa waya avuke upande wa pili wa hema.

Na kama huo mpango wa nusu ukurasa utaukubali, tuma mwandishi katikati ya wiki, wikendi hawa wanafunzi wako vijijini na karatasi zao. Akishuka steji aulize saiba ya kubaindi projekti, boda yeyote atamleta.

Wako msomaji,
Mwenye saiba, Maseno